Seva ya leseni au leseni ya jina: nani ashike hesabu?

Ofisi ya wahandisi yenye wachoraji 24 haihitaji leseni 24 za programu ya kuchorea. Kama hata saa ya shughuli nyingi kabisa haiwakuti zaidi ya watu 10 wakiwa ndani ya programu, leseni 10 zinatosha, mradi awepo wa kuhesabu nani ameingia na nani ametoka. Hiyo ndiyo kazi ya seva ya leseni. Kwa miongo kadhaa programu ghali za uhandisi, ramani na hisabati zimeuzwa kwa mtindo huu wa kupokezana leseni kwa zamu. Sasa baadhi ya wauzaji wakubwa wanaiondoa seva katika ofisi ya mteja na kumpa kila mtumiaji leseni yenye jina lake. Wanaoutetea mtindo mpya wana hoja, na wanaolalamika nao wana zao. Ila naona pande zote mbili hubishana bila kufungua faili la kumbukumbu za seva, na jibu la kila ofisi limo humo.

Tuanze na jinsi hesabu inavyofanyika. Mfumo ulioenea zaidi ni FlexNet, ambao mafundi wengi bado wanauita kwa jina lake la zamani, FlexLM. Muuzaji humpa mteja faili dogo la maandishi. Mstari mmoja unataja seva na kitambulisho chake, mara nyingi anwani ya MAC ya kadi yake ya mtandao. Mwingine unataja programu ya muuzaji itakayosimamia hesabu. Inayofuata inataja kila bidhaa, idadi ya leseni na tarehe ya mwisho, kisha saini ya kidijitali. Ukibadilisha 10 kuwa 100, saini haikubali tena na faili linakuwa bure.

Mchoraji anapofungua programu, kompyuta yake hubisha hodi kwenye seva, kwa kawaida kupitia poti (mlango wa mtandao wenye namba) kati ya 27000 na 27009. Meneja wa jumla, programu iitwayo lmgrd, humwelekeza kwa msimamizi wa muuzaji husika: AutoCAD, ya kuchorea, ina adskflex; MATLAB, ya hisabati, ina MLM. Huyo ndiye mwenye daftari. Nafasi ikiwepo, anapunguza moja na kukuruhusu. Isipokuwepo, unaambiwa idadi ya watumiaji imetimia. Baada ya hapo kompyuta na seva huendelea kuwasiliana kila baada ya muda mfupi, na ukifunga programu leseni inarudi.

Si kila seva inayoitwa ya leseni huhesabu hivi. KMS, seva ya Microsoft ya kuidhinisha Windows za ofisini, kwa mfano, haigawi zamu. Inasubiri kompyuta zisizopungua 25 zijitokeze ndipo ianze kuidhinisha Windows za mezani, kisha idhini hudumu siku 180 na kompyuta hujaribu kuihuisha kila siku 7. Kama umelipia mashine ngapi, hilo liko kwenye mkataba wako, seva haikuulizi. Kwa hiyo mabishano ya zamu hayaigusi.

Ubaya wa mtindo wa zamu unafahamika kwa kila aliyewahi kuusimamia. Mtu anafungua programu asubuhi, anakwenda eneo la ujenzi, na leseni inabaki kwake hadi jioni. Kwenye MATLAB tatizo hujificha zaidi, kwa sababu vifurushi vya nyongeza vina leseni zake. Ukiita kazi moja tu ya kifurushi cha takwimu, unakishikilia mpaka uifunge MATLAB yenyewe, hata kama hukukigusa tena. Mwenzako ananyimwa, na wewe hujui kwamba umemzuia.

Dawa ipo na haiuzwi. Msimamizi anaweza kuandika faili la masharti lenye amri kama TIMEOUT, inayorudisha leseni iliyoachwa wazi bila kutumika pale programu yenyewe inaporuhusu, RESERVE, inayotengea kundi fulani nafasi, na MAX, inayoweka kikomo. Amri hizi zimekuwapo miaka mingi, lakini ukiuliza watu wa IT wangapi wamewahi kuziandika, utashangaa. Mara nyingi seva ilisimikwa na mtu aliyekwisha kuhama, iko kwenye kompyuta kuukuu kwenye kona, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Na ikifa? Kadi ya mtandao ikiungua, kitambulisho kinakwenda nayo. Unaomba faili jipya kwa muuzaji na ofisi nzima inasubiri. FlexNet inaruhusu seva tatu zinazosaidiana, ambapo mbili lazima ziwe hai ili kazi iendelee, lakini ofisi ndogo iliyopata taabu kununua seva moja haitanunua tatu.

Kwa hiyo leseni ya jina inavutia. Hakuna seva ya kutunza, mtumiaji anaingia kwa akaunti yake popote alipo. Hoja inayotolewa sana Afrika Mashariki dhidi yake ni intaneti, na nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024 iliweza kuonekana imethibitishwa. Hoja hiyo imetiwa chumvi. Leseni ya jina ya Autodesk, watengenezaji wa AutoCAD, kwa mfano, huhitaji kuwasiliana na mtandao mara moja ndani ya siku 30. Kukatika kwa wiki moja hakumfungii mchoraji nje, labda awe ndiyo kwanza anaingia kwenye kompyuta mpya.

Hoja nzito ni ya pesa. Autodesk ilipoanza kufuta leseni za mtandao, yaani zile za seva, mwaka 2020, ilitoa leseni mbili za jina kwa kila moja ya mtandao, kwa gharama inayokaribiana. Inasikika kama ukarimu, na kwa wengine ni ukarimu kweli. Turudi kwa ile ofisi: leseni 10 zinakuwa 20, wachoraji ni 24, wanne wako nje. Wangekuwa 18, wangepata nafuu. Kwa ofa hiyo, kilichoamua ni idadi ya watumiaji ikigawanywa kwa kilele cha watumiaji wa wakati mmoja. Ikiwa chini ya mbili, ulibadilisha bila kinyongo. Ikizidi mbili, ulipoteza. Kampuni zenye zamu za usiku, au zenye wahandisi wengi wanaofungua mchoro kwa dakika kumi tu kuukagua, huvuka mbili kwa urahisi.

Kwa watumiaji hao wa nadra Autodesk ilileta Flex mwaka 2021: unanunua tokeni na kukatwa kwa siku. Dakika kumi na saa nane zina bei ileile, na tokeni huisha muda wake baada ya mwaka. Kwa anayefungua programu mara mbili kwa mwezi si vibaya. Kwa mkaguzi anayeichungulia kila asubuhi ni hasara tupu.

Hapo ndipo naegemea upande wa seva. Mbali na bei, inampa mteja kumbukumbu zake mwenyewe: nani alichukua, lini alirudisha, nani alinyimwa. Kwenye leseni ya jina, takwimu za matumizi hukusanywa kwa muuzaji, nawe unaona kile anachokuonyesha, huku mkiwa mezani kujadili bei ya mwaka ujao.

Kumbukumbu hizo nazo zisomwe kwa tahadhari. Mstari wa DENIED (umenyimwa) hujirudia kila mtu anapojaribu tena, hivyo kunyimwa mara 40 kunaweza kuwa ni kijana mmoja asiye na subira. Upande wa pili, aliyepiga simu kwanza kwa mwenzake, "dada, ukimaliza niachie," haonekani popote. Kabla ya kusaini mkataba mpya, chukua kilele cha kila siku kwa miezi kadhaa, ukiweka ndani na msimu wa zabuni, kisha kaulize na hao wanaopigiana simu.