Tapeli Ana Adabu Kuliko Wajukuu

Jamani, siku hizi anayemjulia mzee hali kila asubuhi ni tapeli. Mjukuu ukimpigia hapokei. Tapeli anapiga mwenyewe, anakuita "mzee wangu", anauliza magoti yameamkaje. Ukishayeyuka ndipo anaomba kitu kidogo tu: zile namba sita zilizoingia kwenye meseji. Eti zimekuja kwako kwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni yako! Namba hizo ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimsomea, anaifungua akaunti kwenye simu yake, wewe unatupwa nje, na muda si muda ukoo mzima unaombwa pesa kwa jina lako.

Dawa ipo, ila wameificha ndani ndani kama akiba ya bibi: Mipangilio, halafu Akaunti, halafu Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu sita. Hapo hata akiipata ile meseji, atakwama mlangoni. Usiweke tarehe ya kuzaliwa, maana kila aliyewahi kukutakia heri anaijua. Ongeza na barua pepe, kwa sababu PIN utaisahau, tusidanganyane.

Kisha kuna viungo (linki) vya "umeshinda zawadi". Umeshinda shindano gani, wewe ambaye hujashiriki? Ukitaka kumjua mwenye tovuti, tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya https://, kisha soma kurudi nyuma. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju huo ndiyo mwenye nyumba. Jina la benki lililotangulia mbele ni pambo la mlangoni. Na kile kikufuli kando ya anwani ya tovuti wanachotusifia? Kinasema tu kwamba njiani hakuna anayechungulia. Hata mwizi anacho.

Skrini ikipiga kelele kwamba simu ina virusi, hilo ni tangazo tu. Funga kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, usipige namba waliyoandika. Na anayekutaka upakue programu ya "kukusaidia" kwa mbali anataka kuona kila unachobonyeza, nywila zikiwemo.

Namba ya benki kuonekana kwenye simu nayo si ushahidi, inaghushiwa. Kata, kisha upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako. Atakupigia tena, safari hii kwa ukali: una dakika tano, akaunti inafungwa, mbona husikii, mbona mzito hivyo! Hapo sasa ndipo anaanza kufanana na mjukuu.