Kifaru kisichowinda vifaru: Centaur IV ina nafasi kwenye magemu?

Wapenzi wa magemu ya vifaru wakianza kuorodhesha magari ya Uingereza wanayotaka yaongezwe, Centaur IV, kifaru cha Vita vya Pili vya Dunia, haikosi kutajwa. Na ikitajwa tu, hupigwa chini kwa hoja ileile: haiwezi kupambana na vifaru vingine. Mzinga wake ni hawitza (mzinga mfupi wa kasi ndogo) ya milimita 95, na kombora lake hutoka kwa kasi ya mita 330 hivi kwa sekunde, karibu nusu ya kasi ya mzinga wa milimita 75 wa Cromwell ya kawaida, kifaru ndugu yake. Ukimlenga adui anayekatiza umbali wa mita 600, kombora litakaa hewani karibu sekunde mbili. Atakuwa ameshaingia nyuma ya nyumba.

Hayo ni kweli tupu. Ila kifaru hiki hakikuundwa kwa kazi hiyo, na anayekipima kwa kipimo hicho hana budi kwanza kwenda Halfaya.

Tarehe 15 Juni 1941, katika operesheni iliyoitwa Battleaxe, Waingereza walipeleka vifaru vya Matilda kushambulia kipito cha Halfaya, Misri, karibu na mpaka wa Libya. Wajerumani walikuwa wamechimbia pale mizinga ya milimita 88, imezama ardhini kiasi kwamba ilikuwa shida kuiona. Kikosi kimoja cha Matilda kilisonga na vifaru 12. Kilibaki kimoja.

Kumi na moja kati ya 12. Mara nyingi hesabu hiyo hutajwa ili kuusifu mzinga wa 88, na kweli unastahili sifa. Lakini tazama upande wa pili wa mapambano yale. Matilda ilikuwa na bamba la mbele la karibu milimita 78, zito kuliko la kifaru chochote cha Wajerumani kule jangwani, na mzinga wa milimita 40 ambao kwa wakati wake ulitoboa vifaru vizuri tu. Kasoro ilikuwa kwenye risasi yenyewe: chuma kitupu, hakina baruti ndani. Ili umzuie mpiga mzinga aliyejichimbia, ilibidi chuma hicho kimguse yeye au mzinga wake. Kikipita nusu mita pembeni, kinazama mchangani na shughuli inaendelea. Bunduki za rashasha zilikuwapo, lakini zilihitaji kusogea karibu, na 88 haikuruhusu mtu asogee. Mizinga ya kawaida iliyotakiwa kuusindikiza msafara ilikuwa imenasa mchangani. Kwa hiyo vifaru vilivyolindwa kuliko vyote vilikwenda mbele ya watu walioviona vizuri, navyo havikuwa na namna ya kuwafumba macho wala kuwafukuza mashimoni.

Pengo hilo ndilo lililowekewa vifaru vya msaada wa karibu. Jeshi la Uingereza lilivigawa viwili kwa kila kikosi, vikikaa na makao ya kamanda, na katika miaka ya mwanzo ya vita vilibeba moshi zaidi ya kitu kingine chochote. Wapo wanaocheka hapo: kifaru kizima, wafanyakazi wazima, kwa ajili ya kurusha moshi! Mimi nikisoma habari za Halfaya sioni cha kuchekwa. Makombora machache ya moshi mbele ya zile 88, dakika chache tu, na hesabu ile ingeweza kusomeka vingine.

Centaur IV ilikuja baadaye, wakati somo hilo limeshaeleweka na hawitza ya milimita 95 ikirusha pia kombora zito la mlipuko. Royal Marines, askari wa majini wa Uingereza, walipewa 80 kwa ajili ya kutua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Mpango wa awali ulikuwa wa ajabu kidogo: ving'olewe injini, vikae ndani ya vyombo vya kutua na kupiga ufukwe kutoka majini. Jenerali Montgomery, kamanda wa majeshi ya nchi kavu, akakataa, injini zikarudi, na vifaru vile vikashuka nchi kavu na kuendelea na vita kwa wiki mbili hivi. Ukiona picha zake utagundua namba za digrii zimechorwa kuzunguka mnara wa mzinga, kama uso wa dira, ili kamanda aliye nje aweze kuuelekeza mlengo. Gari linalochorwa hivyo lina tabia ya mzinga wa kusaidia wenzake kuliko ya mwindaji. Kimoja bado kipo kwenye makumbusho ya Pegasus Bridge.

Wanaopinga wana hoja nzito kuliko ile ya kasi, ingawa ni nadra waitaje. Hawitza hii ilikuwa na kombora la HEAT, linalotoboa kwa mwali wa mlipuko badala ya kasi, kiasi cha milimita 110 za chuma, umbali uwe wowote. Mweke mchezaji kwenye ngazi za gemu ambazo vifaru vingi havina bamba hilo, halafu mpe uhuru wa kuchagua. Atajaza HEAT makombora yote 51 yanayoingia ndani, moshi hatabeba hata mmoja, kisha atalalamika kwamba gari ni zito kulenga. Tutakuwa tumeongeza mwindaji mwingine, tena mbovu, na wachoraji wametumia muda wao kwa gari ambalo kwa macho ni Cromwell iliyobadilishwa mzinga.

Nakubali hatari hiyo ipo. Ninachokataa ni kuichukulia kama kasoro ya Centaur peke yake. KV-2 ya Wasovieti, yenye mzinga wa milimita 152, ilizaliwa kwenye vita vya Finland kwa kazi ya kubomoa ngome, na leo ni kipenzi cha wachezaji. Sijaona mtu akiidai cheti cha kuwinda vifaru. Panzer IV yenye mzinga mfupi iliundwa kusaidia, huku Panzer III ikipewa kazi ya kupambana na vifaru, na bado kila mtu anaiona Panzer IV ni haki yake kuwamo. Mwingereza pekee ndiye anayeulizwa maswali mlangoni.

Kinachoiangusha Centaur zaidi ni namna pointi zinavyotolewa. Magemu haya hulipa kuharibu, kumwona adui na kuteka eneo. Kumfichia mwenzako njia avuke uwanja mweupe akiwa salama karibu hakuna malipo, ingawa ndani ya gemu la War Thunder makombora ya moshi yapo tayari kwa baadhi ya vifaru. Wengi hawayagusi, na siwalaumu: hakuna anayefanya kazi ya bure kwenye gemu. (Kwa tunaocheza kutoka Dar au Mombasa, seva zikiwa Ulaya, moshi una raha yake: pazia la moshi halihitaji uwahi sehemu ya sekunde ambayo mtandao umeshakunyima.)

Kwa hiyo niulizwe, nitasema iongezwe, kwa masharti. Kwenye orodha ya magari ya gemu iwekwe folda moja na Cromwell, isiuzwe kwa pesa kama gari la kifahari. Injini iwe ile Liberty ya nguvu farasi 395, si Meteor ya 600 ya Cromwell, hata kama wachezaji watanuna. HEAT iwe na kikomo cha makombora machache kwa kila pambano. Na moshi ulipwe: mwenzako akipita nyuma ya pazia ulilotandaza bila kuguswa, upate pointi kama aliyemwonyesha adui. Sharti hilo la mwisho likishindikana, Centaur ingoje. Wanaoshughulikia pointi waanze na Sherman, kifaru cha Wamarekani, ambayo tayari ina moshi na haina anayeutumia.