Mwacheni Ajulikane Mtaani

Wiki iliyopita kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu huku Temeke, mtu alituma ujumbe wa sauti akitaka kijana mmoja wa hapa "apelekwe kituo maalumu, kwa usalama wa wote". Vidole gumba vikamiminika. Baadhi ya waliounga mkono ni watu ninaowaheshimu, tunazikana na kuozeshana, na ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana ana usonji (autism), hali ya ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake. Umri wake ni wa mtu wa kidato cha nne, kimo kashampita baba yake, maneno anayosema yanahesabika. Kitu anachokipenda kuliko vyote ni bomba la maji. Akiona linadondosha lazima alifuate, alifungue kidogo atazame maji yanavyoshuka, kisha alikaze mpaka lisitoe hata tone. Jioni ile aliingia uani kwa watu waliohamia majuzi, akachutama mbele ya bomba lao. Mama wa nyumba akatoka: "Wewe nani? Unataka nini hapa?" Kijana hakujibu. Akiulizwa jambo kwa ghafla huwa hajibu, anainamisha kichwa na kuchezesha vidole karibu na macho. Nje ya ukuta mtu akapaza sauti: mwizi!

Wakazi wa Dar mnajua kilio hicho kinaita nini. Vijana walishatoka kijiweni, na mmoja alishaokota kipande cha tofali. Aliyemwokoa ni mama muuza genge wa pale kona. Aliacha wateja wamesimama, akakimbia huku kanga inamvuka, anapiga kelele: "Mwacheni! Huyo wa hapa hapa, mtoto wa jirani yangu! Kafuata maji huyo!" Akapenya katikati yao, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Haya baba, twende ukanifungie na langu." Kijana akanyanyuka akamfuata.

Mama yule hajasomea usonji popote. Anamjua tu. Kwa miaka mingi kijana amekuwa akipita pale na mama yake, na mama muuza genge humwachia apange mafungu ya nyanya: tatu chini, moja juu, kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho, na mstari haupindi. Wateja wa genge lile wote wanamfahamu. Waliomwita mwizi ni wale ambao hawakuwahi kumwona. Halafu sisi tumekaa kwenye simu zetu tukaamua kwamba dawa ni kumtoa mtaani, yaani asionwe na yeyote!

Ndugu zangu, hilo litamuua. Mtoto aliyefungiwa chumbani miaka kumi, siku mlango ukisahauliwa wazi atatoka na kuingia kwenye mtaa usiomjua hata jina. Hakuna atakayejua kwamba haelewi honi ya bodaboda. Hakuna atakayejua kwamba akishikwa bega ghafla atapiga mayowe, na kwamba mayowe yale ni hofu. Usalama wake wote umo kwenye vichwa vya majirani, na hauingii humo kama hawamwoni akienda dukani, akikaa barazani, akilia, akicheka. Wazazi wanaofungia watoto ndani wengi wao wanaogopa maneno yetu. Mama anaambiwa mtoto karogwa, au anaambiwa kamtoa kafara apate utajiri, mama ambaye hata kodi ya mwezi inamtoa jasho. Nani atamtoa mtoto nje akapokewe na hayo?

Na hapo kwenye kodi ndipo panaponiuma zaidi. Tunazungumzia mtaa kana kwamba kila mtu ana kiwanja chake, wakati wengi wetu ni wapangaji. Rafiki yangu ana binti mwenye mtindio wa ubongo, ulemavu wa ubongo unaoathiri misuli na mwendo. Alipokuwa anatafuta chumba Mbagala, dalali alimwambia wazi: siku ya kuja kuona chumba, dada, mtoto muache kwa ndugu. Akamwacha. Akatoa kodi ya miezi sita mkupuo na mwezi mmoja wa dalali, akahamia. Haukupita muda malalamiko yakaanza: mtoto analia usiku, mama anakaa muda mrefu kwenye choo cha pamoja kwa sababu anamsafisha mtoto humo, ndoo za nepi ziko koridoni. Ikaja notisi. Akahamia Chamazi, yakajirudia. Kila akihama anazidi kuwa mbali na kliniki ya mazoezi ya viungo, nauli inapanda, mahudhurio yanapungua, na miguu ya mtoto inazidi kukaza. Na kila akihama, majirani waliokwisha kumzoea binti wanabaki nyuma. Yule jirani aliyekwisha kujua namna ya kumnyanyua bila kumuumiza, bibi wa mlango wa pili aliyekuwa anamwimbia jioni, wote hao wamebaki Mbagala. Kule alikokwenda ni macho mageni na maswali yale yale.

Mwenye nyumba anayetoa notisi ya namna hiyo hajamwondoa mpangaji peke yake. Ameubomoa ulinzi uliojengwa kwa miaka, na hakuna semina wala kituo kitakachomrudishia mtoto ulinzi ule.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara yake ya 19 inasema watu hawa wana haki ya kuishi ndani ya jamii, kuchagua wakae wapi na nani sawa na watu wengine, na wasilazimishwe kuishi kwenye makazi ya aina fulani. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Nataka yaliyoandikwa humo yafike kwenye meza ya mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu mgogoro wa mpangaji na mwenye nyumba huishia pale pale. Mama akija na notisi, mwenyekiti asiishie kumwambia "tafuta kwingine, mama". Awaite wote wawili, aulize sababu. Kama sababu ni mtoto, aseme palepale kwamba hiyo si sababu, kisha wazungumze kuhusu choo, zamu za usafi, na chumba cha mwisho wa korido ambako kelele hazisumbui sana.

Nakubali kwamba kukosa usingizi kunachosha, na mtu wa zamu ya alfajiri ana haki ya kulala. Nakubali pia kwamba mwenye nyumba anaishi kwa kodi ile na hataki vyumba vitupu. Hayo yanazungumzika, kama tunavyozungumza habari za mlevi wa chumba cha tatu na redio yake, ambaye hakuna aliyewahi kutaka apelekwe kituoni.

Nisieleweke vibaya kuhusu vituo na shule. Kituo cha kutwa kinachompokea mtoto asubuhi na kumrudisha jioni kwa mama yake ni msaada mkubwa. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko pale Dar imekuwa ikipokea watoto wenye ulemavu wa aina mbalimbali, ukiwemo wa akili, katika uwanja mmoja na wenzao, na natamani kila kata ingekuwa na shule kama hiyo. Ninachokipinga ni kituo cha kumtia mtu humo asionekane tena.

Njia hiyo wenzetu walishaipita. New York walikuwa na taasisi ikiitwa Willowbrook, iliyojengwa kwa watu 4,000 wenye ulemavu wa akili. Kufikia mwaka 1965 walikuwa wamerundikwa zaidi ya 6,000. Wazazi walishauriwa na madaktari kwamba watoto wao wangetunzwa vizuri kule. Mwaka 1972 kamera za televisheni zilipoingia, Wamarekani waliona watoto uchi, sakafu za uchafu, vyumba vya mayowe. Watu wakahamishwa kidogo kidogo, wengi wakaenda kuishi kwenye nyumba za kawaida mitaani, hadi ikafungwa 1987, na hata huko mitaani baadhi ya majirani wakapinga. Kwa upande mwingine upo mji wa Geel, Ubelgiji, ambako familia za kawaida zimekuwa zikiwapokea majumbani watu wenye matatizo ya akili tangu enzi za kati. Miaka ya 1930 waliopokelewa walikuwa zaidi ya 3,000, na watoto wa mji walikulia wakiwaona sokoni na kanisani. Serikali huzilipa familia hizo posho, na ni haki yao. Sisi tuna majirani wanaofanya kazi hiyo bila hata shukrani.

Barabara mbovu, uhaba wa wataalamu, dawa za kifafa kukosekana kwenye zahanati: yote ni kweli na yote yapiganiwe.

Lakini kuna jambo moja halihitaji bajeti ya mtu. Kwenye msiba uliopita hapa mtaani kijana mwenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, alibeba viti tangu asubuhi, akafunga kamba za turubai, na jioni akavipanga tena kwa ajili ya gari. Vijana wenzake walipewa shilingi elfu tano kila mmoja. Yeye alipewa sahani ya pilau na kupigwa bega. Nilimwona akiangalia noti mikononi mwa wenzake. Anajua fedha, anajua elfu tano inanunua nini, na kazi aliifanya kama wao. Kamati za misiba na za harusi, mlipeni!

Sheria ile ya 2010 inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa. Viongozi walioingia ofisini baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 wameshakaa vya kutosha kutuonyesha ya kwetu. Kwenye mkutano ujao wa mtaa nitasimama kuuliza wajumbe wake ni kina nani, wamekutana lini, na kama kuna hata mzazi mmoja wa mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo kati yao. Kama haipo, iundwe siku hiyo hiyo, na kazi yake ya kwanza iwe kupita kwa wapangaji wapya pamoja na mjumbe wa shina, na kwa ridhaa ya wazazi kuwatambulisha watoto hawa kwa majirani: jina lake ni hili, akiitwa hivi anageuka, anapenda hiki, anaogopa kile, namba ya mama yake hii hapa.

Wazazi mliowaficha ndani, nawaomba mje kwenye mkutano huo, na mje na watoto. Wakilia, tutangoja wanyamaze tuendelee.