Picha za vijumba za Helen Allingham, uongo au kumbukumbu?

Picha za rangi za maji za Helen Allingham, mchoraji Mwingereza wa karne ya 19, ukiziona mara moja huzisahau, kijumba cha mashambani cha Surrey, kusini mwa Uingereza, vigae vya paa vimeshika ukijani, maua yamesongamana mpaka mlangoni, mama kasimama getini kapakata mtoto. Wengi wanasema ni uongo mtupu na kwa kweli hoja yao ina uzito. Miaka ya 1880 kilimo Uingereza kilikuwa hoi, ngano ya bei chee inamiminika toka Marekani, kibarua wa shamba analipwa kiduchu na vijana wanakimbilia mjini. Vijumba hivyohivyo vingi vilikuwa na unyevu, familia nzima imebanana kwenye vyumba viwili. Kwenye picha sasa, eproni ya mtoto nyeupe pee, na wanunuzi wenyewe ni watu wa mjini wenye hela zao.

Ila mimi siwezi kuishia hapo. Helen alihamia Sandhills, karibu na kijiji cha Witley hukohuko Surrey, mwaka 1881, akakuta nyumba za kale zinabomolewa na nyingine zinageuzwageuzwa, basi akawa anawahi kuzichora kabla hazijapotea, tena anakaa nje palepale mbele ya nyumba. Mwaka 1886 akazionyesha London. Halafu tusimchukulie kama tajiri aliyekuwa anajifurahisha, mumewe alifariki 1889 akamwachia watoto watatu, brashi ndiyo iliyowalisha, na 1890 akawa mwanamke wa kwanza kupewa uanachama kamili wa chama cha kifalme cha wachoraji wa rangi za maji.

Sogea karibu na picha uone kazi yenyewe. Kigae kimojakimoja kina rangi yake, maua mengine kayapata kwa kukwangua rangi mpaka weupe wa karatasi utokeze ndo anapaka tena juu. Mtu asiyejali nyumba hafanyi hivyo jamani.

Kinachonisumbua mimi ni madirisha, kuliko hata hiyo eproni. Akikuta nyumba imewekewa dirisha jipya la vioo vikubwa alikuwa analiondoa kwenye picha, anarudisha la zamani la vioo vidogovidogo, na hapo mtazamaji hana namna ya kujua lipi alilikuta na lipi kaliweka mwenyewe. Ningekuwa nakarabati nyumba ya zamani pale Witley leo, picha yake ningeifuata kwa paa na dohani, dirisha ningetafuta ushahidi mwingine.