Kambale Mwenye Surua

Kazi yangu ni kuwaongoza wageni wanaokuja Kilindoni, kisiwani Mafia, kuogelea na potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye licha ya kinywa kinachoweza kufikia upana wa mita moja na nusu, hula vidagaa, uduvi na vijidudu vinavyoelea majini. Msimu wenyewe ni kuanzia Oktoba hadi Machi, na kwa miaka saba ya kuwagawia watu miwani na mapezi nimeona migongo, mabega na vifundo vya miguu vya mataifa mengi, kwa sababu mpiga mbizi husomeka vizuri akishavua shati.

Wengi wao wamechorwa papa. Mwanzoni nilidhani ni pambo tu, hadi nilipozoea kuuliza. Mjerumani mmoja alikuwa na kundi la mbingusi, wale papa wenye kichwa kama nyundo, waliopanda muundi wake wote. Akaniambia kwamba siku alipozama katika maji ya kisiwa cha Cocos, kule Costa Rica, aliinua macho akawakuta wamefunika mwanga, na hakutaka kuisahau siku ile hata akiwa ofisini amevaa suruali ndefu. Mama mmoja mtu mzima alikuwa na mstari wa nukta kuzunguka kifundo cha mguu, nami nikidhani ni upele nikampa pole. Alicheka, kisha akanihadithia simulizi ya Hawaii kuhusu mwanamke aliyekamatwa mguu na papa, akauita mzimu wa ukoo wake, papa akamwachia na kumwambia kwamba safari nyingine atamtambua kwa alama za meno; nukta zile huchorwa ili papa ajue kwamba huyu ni wa nyumbani.

Lakini aliyenimaliza kabisa ni kijana mmoja mtafiti, ambaye hakuwa na samaki yeyote mwilini, ila madoa matupu ubavuni. Madoa ya potwe nyuma ya matamvua hutofautiana kati ya mmoja na mwingine kama alama za vidole vya binadamu, na watafiti huyapiga picha na kuyalinganisha kwa kompyuta, kwa kutumia hesabu zilizobuniwa kwanza na wataalamu wa nyota. Kijana yule alikuwa amenakili madoa ya potwe wa kwanza aliyekutana naye maishani. Nilijiona mnyonge. Mimi niliyezaliwa hapa, ninayewajua potwe kuliko ninavyowajua shemeji zangu, bega langu lilikuwa tupu kama ukuta wa ofisi mpya.

Nikijua vyema msimamo wa mama yangu kuhusu kuchora mwili, niliusafirisha uhuni wangu hadi Dar es Salaam, katika chumba kilichokuwa nyuma ya saluni. Nilikuwa na picha nzuri ya potwe katika simu, lakini simu ilikuwa inakata roho, na chumba kizima kilikuwa na soketi moja tu, hivyo kati ya simu yangu na mashine ya fundi ilibidi mmoja alale njaa. Simu ikazima kabla hatujamaliza kichwa.

“Usijali, kaka,” fundi akasema. “Papa nimemla tangu utotoni.”

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza kama aliwahi kumwona akiwa mzima, kwa maana papa wa sokoni huja vipande, amekaushwa, na hana uso.

Nilikuwa nimemweleza pia, kwa kujionyesha tu, kwamba wenzetu wa Kenya humwita potwe papa shilingi, kwa kuwa madoa yake yanafanana na sarafu alizomwagiwa mgongoni. Jina hilo fundi alilielewa kwa namna yake, akaanza kudai malipo ya kila doa. Tulipofika doa la arobaini na moja fedha yangu iliisha, ndiyo maana samaki wangu ana madoa kuanzia kichwani hadi tumboni, na kutoka hapo hadi mkiani ni mweupe. Mkia wenyewe umelazwa kama wa nyangumi, wakati kila asubuhi huwaambia wageni kwamba mkia wa papa husimama wima. Na pembeni mwa kinywa, kwa sababu ambazo fundi hakuzieleza, zipo sharubu.

Nilipokuwa natoka, akanikumbusha kwamba nisiingie baharini kwa wiki tatu. Ilikuwa katikati ya Novemba.

Kwa siku nane nilikaa chomboni nimevaa shati la mikono mirefu, nikiwapa wenzangu mapezi kama karani wa ghala. Siku ya tisa potwe wawili walipita ubavuni mwa chombo, polepole, wakiwa wamefungua vinywa, na nilipopata fahamu nilikuwa tayari majini. Baada ya siku mbili bega lilivimba kiasi kwamba samaki alinenepa na kuonekana mjamzito. Muuguzi wa zahanati alimtazama kwa muda mrefu, akavaa miwani, akamtazama tena.

“Huyu kambale,” akauliza, “ana surua?”

Mama alipata habari siku hiyohiyo, kwa kuwa nilishindwa kuinua mkono kupokea sahani. Nilijiandaa kwa mawaidha marefu ya dini, na yalikuja, lakini yalitanguliwa na swali ambalo mpaka leo sijapata jibu lake.

“Samaki wote hawa wa baharini, mwanangu, wewe umekwenda kujichora wa mtoni?”

Bega lilipona, nikarudi kazini, na nahodha wangu akamwona samaki siku ya kwanza nilipovua shati. Hakucheka. Alifikiri kidogo, na tangu siku hiyo, kabla ya kung’oa nanga, huniamuru nisimame mbele ya wageni na kuwapa mgongo.

“Mtazameni vizuri huyu aliye begani,” huwaambia. “Mkifika majini, mkiona kitu ambacho hakifanani naye hata kidogo, huyo ndiye potwe.”