ISO 100 au 400 kwa kamera ya 4x5?

Wanaohamia kamera za 4x5 (filamu ya inchi 4 kwa 5), zile za mvukuto na kitambaa cheusi, huja na ushauri wa filamu ya 35mm: nunua filamu ya kasi ndogo, yaani yenye namba ndogo ya ISO na isiyo nyepesi kunasa mwanga, ukwepe chembechembe zinazojitokeza picha ikikuzwa. Kwenye 35mm ushauri huo una mashiko, kwani picha ya inchi 16 kwa 20 hukuzwa karibu mara 17. Kutoka 4x5 hukuzwa mara nne tu. Hapo chembechembe za filamu ya HP5 Plus, ambayo ni ISO 400, utazitafuta kwa kioo cha kukuzia.

Adui wa kamera hizi ni upepo. Ili mbele na nyuma vyote vionekane vizuri, tundu la lenzi hubanwa hadi f/32 hivi. Jua likiwa kali, ISO 100 inakupa 1/25 ya sekunde. Weka chujio la rangi ya chungwa ili mawingu yajitokeze, unashuka hadi 1/6, na majani yakitikisika kidogo tu yamekwisha. ISO 400 inakurudisha kwenye 1/25. Si haraka, lakini upepo ukitulia kidogo inatosha.

Kwenye giza pengo linaongezeka, maana filamu hupoteza usikivu mwanga unapokuwa hafifu. Kipima mwanga kikisema sekunde 10 kwa FP4 Plus ya ISO 125, unahitaji kama 18. HP5 Plus itamaliza kwa sekunde nne na ushee.

Hata hivyo, wanaopenda filamu ya kasi ndogo nao wana hoja, ila siyo ile ya chembechembe wanayoipigia kelele. Shata ya Copal 3, kifaa cha kufungua na kufunga lenzi, inaishia 1/125 ya sekunde. Piga picha ya mtu kivulini kwa tundu pana la f/5.6 na ISO 400, utadaiwa kama 1/400, na hiyo shata haina. ISO 100 inaingia bila shida. Lenzi za zamani zisizo na shata ndio kabisa: unafungua na kufunga kifuniko kwa mkono, na mkono unahitaji walau sekunde moja.

Kwa kazi za nje mimi naanza na 400. Tena hapa hakuna roli ya kukufunga: kila kipande husafishwa peke yake, na kila aina ya filamu ina mikato yake pembeni, unaitambua kwa kidole gizani. Hakuna ubaya kubeba zote mbili, mradi uandike kwenye kila kishikizo cha filamu umeweka ipi.