Betri Ndo Dada wa Kazi wa Pikipiki

Jamani mi nauliza, betri ya pikipiki imemkosea nani? Maana naona ndo dada wa kazi, sukari ikipungua yeye, kikombe kikivunjika yeye.

Pikipiki yangu ni ya mwaka 2008, nimeinunua mkono wa tatu. Asubuhi nabonyeza staata inalia tik tik tik kama mjusi ukutani, kimya. Basi napiga kiki, napiga kiki mpaka shati la kazini limelowa mgongo mzima na watoto wa shule wamesimama wananihesabia, kumi na moja, kumi na mbili...

Nikaikokota mpaka kijiweni kwa mafundi. Hata helmeti sijavua mmoja kashasema "bro, hiyo betri." Hajagusa kitu! Nikanunua mpya elfu 45. Wiki mbili tu, mjusi karudi. "Aah bro, hizo feki, chukua ya elfu 60." Nikachukua. Mjusi. Mama Zai kaanza kuniuliza kama nina nyumba nyingine huko inatumia umeme wa betri.

Ya tatu nishaanza kuhesabu hela ndo nikashtuka, nikanunua mita ya kupimia umeme, nikavuta kigoda. Betri iliyojaa, injini imezimwa, inatakiwa isome kama volti 12.6 hivi. Yangu 11.8, yaani imelala njaa. Nikapiga kiki ikawaka, nikavuta resi, hapo mita inatakiwa ipande 13.5 mpaka 14.5 ndo ujue chaji inaingia. Haijapanda hata kidogo, na nilivyowasha taa kubwa ndo ikazidi kushuka. Yaani muda wote nagombana na ndoo wakati bomba halitoi maji!

Nikarudi kijiweni na namba zangu kama mtu katoka maabara. Wakacheka. "Mita hizo zinadanganya bro, badilisha betri."

Nikaenda kwa mzee mmoja haongeagi kabisa. Akafungua ubavuni, akashika zile waya tatu za njano zinazotoka kwenye koili, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, injini inanguruma, akapima mbili mbili, zote zikalingana. "Koili nzima." Akafuata mpaka soketi inayoingia kwenye rektifaya, kile kidubwasha chenye mapezi kinachogeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri, akaivuta ikatoka imeyeyuka kama pipi mfukoni mwa mtoto. Kumbe ilikuwa imelegea, ikawa inapata moto, plastiki ikayeyuka na umeme ukawa unaishia njiani. Akaweka soketi mpya, akasugua na kutu kwenye waya wa ethi. Elfu 7 na soda.

Halafu akaiona alamu niliyofunga kwa mbwembwe. Akaikata bila hata kuniomba ruhusa. Anasema inanyonya betri usiku kucha kulinda pikipiki ambayo hata mwizi mwenyewe asingeweza kuiwasha. Iliniuma, ila ningemjibu nini.

Sasa hivi inasoma 14.2, napita kijiweni napiga honi makusudi.

Mzee kasema zile betri mbili za zamani nimpelekee azichaji polepole, huenda moja ikafufuka. Nimefika nyumbani, moja imekandamiza mlango wa banda la kuku, nyingine inazuia mlango wa sebuleni usipigwe na upepo. Nimeomba moja tu. Mama Zai ananiangalia, "Na mlango?"